Kazi Kitisuru, keja Thika

Ukipigiwa simu kwamba umepata kazi Kitisuru na unaishi Thika, kabla ya kusherehekea piga hesabu ya nauli. Thika hadi tao ni kilomita 40 na kitu. Ukishuka unatembea hadi steji nyingine, unapanda mathree ya pili, halafu unamalizia kwa miguu kando ya kuta ndefu, maana mtaa ule umejengewa wenye magari. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa 2012, lakini jam ya Pangani bado iko. Mvua ikinyesha makanga anapandisha nauli, na mdosi hakuongezei hata shilingi.

Mwombe uanze saa nne. Akikataa, mwombe nauli. Usione aibu: unaamka saa kumi alfajiri kwa ajili yake. Na wewe unayesema tuhamie Westlands, umeona kodi ya huko?