Mzigo wa Hatari: Nani Afundishwe?

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta. Moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100.

Petroli hutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Cheche moja huuwasha.

Dereva lazima afundishwe. Je, utingo? Je, mpakiaji? Je, kijana wa pikipiki anayepandisha dawa za mboga Mgeta? Wote wafundishwe. Dawa ikivujia gunia la unga, mpishi atajuaje?

Ndugu mpakiaji, uliza kwanza: ndani ya debe hili mna nini? Dawa na chakula visipakiwe pamoja. Mafuta yakimwagika, kaa mbali, zuia watoto, piga simu Zimamoto, namba 114.