Mnatutupa Juu, Halafu Mnasema "Si Uskroli Tu?"

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafeteria. Nina ugomvi na watu wanaotengeneza kurasa za intaneti halafu hawajali msomaji alikuwa amefika wapi.

Chukua fomu ya kusajili masomo ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ni ndefu kama treni ya mizigo. Ukichagua somo la kwanza, ukurasa unajipakia upya na kukurusha juu kabisa. Unashuka, unachagua la pili, unarushwa tena. Masomo saba, safari saba, kwa kidole gumba kwenye simu. Ukichoka unabonyeza mstari wa jirani na kujikuta umesajiliwa somo ambalo hukulitaka.

Ukilalamika unajibiwa, "Si uskroli tu?" Jamani! Mtu anayesoma aya ngumu anashikilia mambo mengi kichwani kwa mpigo. Ukimtoa pale hapotezi sekunde kumi tu, anapoteza uzi wote. Sijaona mwalimu anayemfungia mwanafunzi kitabu kila anapoandika jibu.

Wengine wanajitetea kuwa brauza inakumbuka yenyewe. Kweli, ukibonyeza kurudi nyuma, mara nyingi inakurudisha ulipokuwa. Ila fomu ikitumwa, brauza inahesabu huo ni ukurasa mpya, inaanzia juu. Na kama maandishi yanaletwa baadaye na skripti, brauza inataka kukushusha wakati ukurasa bado mfupi, haina pa kukupeleka. Hapo kazi ni ya fundi.

Na kazi yenyewe wala si ya PhD. window.scrollY inakuambia msomaji ameshuka pikseli ngapi. Namba hiyo unaitunza kwenye sessionStorage. Maandishi yakishafika, window.scrollTo inamrudisha. Basi! Microsoft waliweka huduma hii kwenye ASP.NET 2.0 mwaka 2005. Unaandika MaintainScrollPositionOnPostback, unaipa true, kwisha. Tangu 2015 Chrome ina history.scrollRestoration, ya kuiambia brauza ikae pembeni kama unataka kumrudisha msomaji mwenyewe. Kwa hiyo msituambie teknolojia bado.

Nakubali kuna mitego. Picha zisizotajwa upana na urefu zikichelewa kufika zinasukuma maandishi chini, na msomaji anatua siko. Taja vipimo vyake mapema. Pikseli 4,200 simu ikiwa imesimama si mahali pale pale simu ikilazwa, kwa hiyo ni bora kutunza pia alama ya aya aliyokuwa anasoma. Na usingoje ukurasa ufungwe ndipo utunze: simu yenye RAM ndogo inautupa kimya kimya mtu akienda kwenye kikokotoo. Tunza pale tu visibilitychange inapokuambia ukurasa umefichwa. Mitego hiyo inatibika, haitoshi kuwa kisingizio.

Nisieleweke vibaya, sisemi kila ukurasa uanzie katikati. Nikifungua habari mpya, nianzishe juu. Fomu ikiwa na kosa, nipeleke kwenye kosa lenyewe. Ninachodai ni kimoja: nisipoomba kuhamishwa, nisihamishwe.

Tatizo ni kwamba anayetengeneza anajaribia kwenye kompyuta yenye skrini kubwa, fomu yote anaiona kwa mizunguko miwili ya kipanya. Hajawahi kuijaza kwa simu iliyopasuka kioo, usiku wa mwisho wa usajili, bando likiwa linakata. Angeijaza mara moja tu hivyo, hiyo skripti angeiandika kabla hajalala.

Wanangu wa kompyuta sayansi, nasubiri utetezi wenu. Mie ngoja niwahi lecture ya saa nane. Baadaye!