Msimu huu, panda badala ya kuteremka
Pwani Yetu, na Dama Kazungu

Mgeni akifika Malindi huelekezwa ufuoni, na sisi wenyeji tumezoea hivyo hivyo: tukipata siku ya mapumziko tunateremka baharini. Safari hii nawaomba mpande. Kaunti ya Kilifi ina sehemu kadhaa za kusimama na kutazama mbali, na tatu kati yake zinasimulia habari moja: safari ya udongo.

Anzeni Marafa, bara ya Malindi. Msifike adhuhuri, fikeni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Unapita kwenye uwanda, mara nchi inakatika mbele ya miguu yako, na chini yako kuna korongo lenye kuta na nguzo zilizochongoka, nyeupe, waridi, rangi ya machungwa na nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Wazee husimulia habari za matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza. Lakini mchongaji ni mvua. Gusa ukuta mmoja kwa kidole, chembe za mchanga zitakudondokea kiganjani. Chukueni kijana wa pale awaongoze, na mumlipe vizuri, maana anajua ukingo gani umeanza kulegea.

Kesho yake nendeni daraja la Sabaki, kisha mwende kwa miguu hadi kwenye milima ya mchanga karibu na mlango wa mto. Wengi husimama hapo kwa ajili ya ndege, na wana haki, kwani heroe wakiwapo ni vigumu kutazama kitu kingine. Lakini tazameni maji. Mto huu huitwa Athi huko juu, unapokea maji ya mto Nairobi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na hapa kwetu ni Sabaki. Mvua ikinyesha bara kwenye mashamba yasiyo na matuta na vilima vilivyokatwa miti, udongo huchukuliwa hadi mtoni, na yale maji mekundu ni rutuba ya mkulima fulani ambaye hajawahi kuiona bahari.

Pa tatu ni kwenye nguzo ya Vasco da Gama, juu ya mwamba uliojitokeza baharini. Wengi hupiga picha, wakakumbuka mwaka 1498, wakaondoka. Kaeni kidogo. Kusi ikivuma, tope la Sabaki husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui. Kaskazi ikiingia baada ya mvua za vuli, tope hilo hugeuka na kuijia ghuba ya Malindi, na bahari ya buluu inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kusini ya hapo kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, yenye matumbawe yanayohitaji mwanga ili yaishi, na tope huuzuia. Wanasayansi waliwahi kutoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi na kusoma tabaka zake. Walikuta kwamba udongo unaoletwa na mto uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha kilimo cha bara.

Hii ndiyo sababu naona uchungu tunapoziachia sehemu hizi watalii peke yao. Mtoto wa Ganze au Magarini aliyefundishwa mmomonyoko ubaoni ataukariri kwa ajili ya mtihani. Mpeleke asubuhi kwenye nguzo, mchana Sabaki, jioni Marafa, ataulizia shamba la baba yake lina matuta mangapi. Walimu wakuu, muhula ujao msipange safari ya mbali. Kodini basi la siku moja, hasa mto ukiwa umejaa. Na serikali ya kaunti ichangie mafuta, kwa sababu shule nyingi za bara haziwezi peke yao.