Usinifungie Mlango, Nataka Kwenda Kusoma

Hapa tumeshagombana sana kuhusu tuzo, wahakiki na wachapishaji wasiolipa. Leo naomba tugombane kuhusu linki.

Kuna kijana mtaani kwetu anatengeneza programu ya kompyuta ya kusomea Mastodon. Kanipa niijaribu, eti kwa sababu mimi ni msomaji. Nikaifungua, nikakuta rafiki yangu kaweka kiungo cha hadithi fupi. Nikabofya. Badala ya kufunguka kwenye kivinjari changu, hadithi ikafunguka kwenye kidirisha humohumo ndani ya programu. Anwani haionekani, pa kuweka alama hakuna, maandishi yamebanwa kama abiria wa daladala ya jioni. Nimefika katikati, patamu kabisa, ujumbe ukaingia. Nikaugusa. Hadithi ikapotea, na niliporudi ikaanza tena kutoka juu.

Nikampigia simu. "Mzee, tunataka mtumiaji asitoke nje," akanijibu.

Asitoke nje! Rafiki kanielekeza kwa watu, wewe unanifungia sebuleni kwako?

Msimamo wangu ni huu: kiungo ni sehemu ya maandishi ya mwandishi. Mtu aliyeandika insha akaweka kiungo juu ya neno fulani amefanya kazi ileile ya tanbihi kitabuni. Amesema, nenda kaone mwenyewe. Mtengeneza programu hana haki ya kuligeuza hilo, kama mhariri asivyo na haki ya kubadili jina la kitabu ninachokihakiki.

Lakini wakubwa walishazoea. Twitter ilivivisha viungo vyote anwani yake ya t.co, hata vile vilivyokuwa vifupi tayari, kila kimoja kikahesabiwa herufi 23. Facebook hubandika mkia wa fbclid ili ijue nani katokea wapi. Kwenye Instagram, kiungo ukikiweka chini ya picha hakibofyeki kabisa, ndiyo maana waandishi wetu wamegeuka makasuku wa "linki iko kwenye bio". Oktoba 2023 X ikaondoa vichwa vya habari kwenye viungo, ikabakiza picha na jina la tovuti. Kichwa cha insha, jamani! Mtu kakesha anakitafuta. Baadaye vilirudi, vidogo vidogo, juu ya picha.

Hasara yenyewe naijua kwa macho yangu. Nina daftari la miaka ya nyuma nilimoandika anwani za hadithi na mashairi ya Kiswahili niliyoyapenda, nyingi zikiwa zile zilizofupishwa, kwa kuwa ndivyo zilivyonifikia. Leo nyingi hazifunguki. Na anwani iliyofupishwa haikuambii kitu: si jina la mwandishi, si jina la blogu, ni vijiherufi tu. Huenda hadithi bado ipo mahali fulani, njia ndiyo imekufa. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaifunga huduma yake ya kufupisha, goo.gl. Kabla ya hapo, mwaka 2010, anwani ya vb.ly ilifutwa na wasajili wa Libya, kwa sababu hiyo .ly ni ya nchi yao. Fasihi ya Kiingereza inaweza kupoteza viungo elfu isishtuke. Sisi tunaotegemea blogu chache za watu wanaojilipia wenyewe hatuna akiba hiyo.

Kijana ana hoja moja, nami nimeikubali. Mastodon ina seva nyingi. Kiungo cha chapisho lililoko seva nyingine kikifunguliwa kwenye kivinjari, unajikuta mgeni: hujaingia, huwezi kujibu. Hapo ni sawa programu ikitambue, iiombe seva yangu ilete chapisho hilo, nilisomee humohumo. Huko ni kunisaidia kufika nilikokuwa naenda. Pia ni sawa ikikataa anwani za ajabu ajabu, kama zile zinazoanza na file:, zinazoweza kugusa mafaili ya kompyuta yangu.

Ila insha, hadithi, shairi? Nikipitisha mshale juu ya kiungo, nione anwani nzima kama mwandishi alivyoiandika. Nikibofya, ikabidhiwe kivinjari nilichokichagua mimi, bila mkia wala kilemba. Na usiniambie ni kazi ngumu. Programu yake ameijenga kwa Electron, na humo kukabidhi kiungo kwa kivinjari ni amri moja, shell.openExternal. Kilichomchosha ni kutengeneza kile kidirisha.

Jana kanitumia toleo jipya. Kaweka chaguo la "fungua viungo kwenye kivinjari", chini kabisa ya mipangilio, baada ya rangi za mandhari na sauti za arifa. Limezimwa. Nimemwandikia aliwashe, tena nimemwandikia kwa herufi kubwa, na hadi naandika haya hajajibu.