Jina Lililo Katikati ya Santuri

Ndugu wazazi, hapa Makutupora, penye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, vijana wapendao gitaa hawakosekani, na wengi wenu husema muziki si kazi. Basi mfikirieni mtu aliyeufanya kazi huku ameketi mezani.

Phares Oluoch Kanindo alitoa na kuuza santuri jijini Nairobi katika miaka ya 1970, na mojawapo ya chapa zake iliitwa Sungura. Nchi yetu wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Redio ilirekodi bendi zetu, lakini waliotaka santuri walitazama Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa nyembamba.

Mkoa wetu unaikumbuka kambi ya Kongwa. Wapigania uhuru wa Zimbabwe waliofunzwa nchini mwetu waliuzoea muziki huo, na nchi yao ilipojitawala mwaka 1980 walirudi nao. Kwao ukaitwa “kanindo”, kisha “sungura”, na jina hilo la pili wanalo hadi leo.

Si jina la mpiga gitaa hata mmoja! Simlaumu Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni: pasipo mtu wa namna yake, nyimbo zingeishia ukumbini. Lakini kijana wako akiletewa mkataba, keti naye muusome pamoja kabla hajatia sahihi: wimbo utakuwa mali ya nani, na je, atalipwa kwa kila nakala inayouzwa, au mara moja tu?