Siku tatu Grenada: fedha za mgeni zimfikie mkulima

Anayepanga safari ya siku tatu kisiwani Grenada, katika bahari ya Karibi, hutafuta kwanza nauli na hoteli. Mkulima wa kungumanga hakumbukwi. Hilo ni kosa.

Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya nchi hiyo, iliyokuwa ya pili duniani kwa zao hilo baada ya Indonesia. Mche huchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa, na mkulima anahitaji kipato leo.

Hoteli inayotoza kitanda, chakula na vinywaji kwa pamoja humfungia mgeni ndani ya uzio. Afadhali alipie malazi tu, siku moja aende Gouyave, mji wa kungumanga, kisha anunue viungo sokoni St. George's. Aepuke Juni hadi Novemba, msimu wa vimbunga.

Utalii usiofika sokoni haumsaidii mkulima.