Jaribio Lisiwe Kazi ya Bure

Ndugu Wanachama,

Twaandika juu ya vijana wetu waombao kazi ya SEO, yaani kazi ya kutengeneza kurasa za kampuni katika intaneti ili mtu atafutapo bidhaa katika Google azione mbele. Huu ni ufundi kama ufundi mwingine. Fundi wake huchunguza maneno ambayo wanunuzi huyaandika wakitafuta, huandika vichwa na maelezo ya kurasa, hutafuta viungo vilivyokatika na kurasa zinazofunguka polepole.

Sisi hatukatai fundi kupimwa. Fundi wa magari au wa umeme hupimwa katika majaribio ya ufundi ya Serikali, Gredi III, II na I, na akifaulu hupata cheti ambacho ni mali yake, aende nacho kwa tajiri yeyote. Tunalokataa ni wizi unaoitwa mtihani.

Tazameni mambo yalivyo. Kijana aitwa kwa mahojiano, apewa tovuti ya kampuni yenyewe, aambiwa aichunguze yote, alete makosa yake, maneno 50 ya kutafutia, na mpango wa miezi 3. Afanya kazi siku 4 kwa bando lake mwenyewe. Halafu kimya. Tufanye hesabu: watu 20 wakiomba kazi moja, na kila mmoja akapewa kurasa 10 tofauti, tajiri amepata kurasa 200 zilizotengenezwa bila kutoa hata senti moja. Mnunuzi sokoni huonja kipande cha embe. Hali kikapu kizima kisha akasema hakupendezwa.

Wengine huuliza: "Utatufikisha namba moja katika Google kwa wiki ngapi?" Swali hili ni mtego. Google wenyewe wameonya kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Basi msema kweli hunyimwa kazi, na mwongo huajiriwa.

Matajiri watasema: "Tutajuaje kama aiweza kazi?" Jibu limo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo yaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi 6, huku mtu akila mshahara wake. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayostahili.

Kwa hiyo twadai:

1. Jaribio la mahojiano lisizidi saa 2.
2. Lifanywe kwa tovuti ya mfano, si ya kampuni wala ya mteja wake.
3. Likizidi hapo lilipwe, na malipo yajulikane kabla ya kuanza.
4. Kila aliyejaribiwa apewe jibu, na kazi yake isitumiwe bila idhini yake.

Ndugu, mmoja akikataa peke yake, tajiri humwita wa pili aliyesimama mlangoni. Tukikataa sote, atakosa wa kumwita. Ulizeni kabla ya kugusa kazi: jaribio hili ni la saa ngapi, tovuti ni ya nani, na nani atalipa? Mkipewa kazi ya siku 4 bila malipo, leteni habari kwa katibu wa tawi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakaye ufundi wetu na afungue mfuko.

Umoja ni nguvu.